Rangi ya Mbwa wa Bwana Rieke

Maige alizaliwa katika nyumba ya ng'ombe wengi, upande wa Mhunze, na kabla hajajua kuhesabu alikwisha kujua rangi. Kwa watu wake rangi ya ng'ombe haikuwa pambo. Ndiyo iliyokuwa jina lake na ushahidi wake. Mnyama akipotea, mwenyewe alikwenda barazani kwa mtemi akamtaja: mweusi mwenye tumbo jeupe, au mwekundu mwenye doa usoni, au wa kijivu mwenye masikio meusi. Rangi ikilingana na maneno yake, alirudishiwa mali yake. Isipolingana, shauri lilimgeukia yeye, akaulizwa ameiba wapi. Maige aliyaona hayo tangu utoto wake, akayaamini kama alivyoamini kuwa jua litachomoza. Aliyezaliwa mweusi atakufa mweusi. Na anayeonyesha mwekundu mahali pa mweusi ni mwizi.

Imani hiyo alikwenda nayo hadi Nyarugusu, miaka ile ya thelathini, Wazungu walipokuwa wakichimbua vilima vya huko kutafuta dhahabu. Aliajiriwa na Mjerumani mmoja, Bwana Rieke, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyekuwa na kilima chake mwenyewe na kinu cha kusagia mawe. Bwana Rieke alipoona kijana huyu anavyowatuliza punda kwa kuwawekea tu kiganja shingoni, alimtoa shimoni akamkabidhi mbwa wake.

Mbwa huyo alikuwa jike, mkubwa kuliko mbwa yeyote aliyepata kuonekana kambini. Alitoka Ulaya kwa meli akiwa na mimba, akazaa Nyarugusu watoto watatu. Hakudumu. Mbung'o walimwambukiza ugonjwa, akakonda hadi akafa, na watoto wawili wakamfuata. Akabaki mmoja, dume, mweusi kama chungu, masikio yamemlala kichwani, naye akaitwa Bruno. Baba wa Bruno alikuwa amebaki Ulaya, na pale kambini hapakuwa na aliyemwona hata siku moja isipokuwa Bwana Rieke peke yake.

Mtoto huyo alipokuwa bado anaenea katika kofia, Bwana Rieke alipata habari kwamba mama yake mzazi yu mahututi huko kwao. Akafunga safari. Kabla ya kupanda lori la kumpeleka Shinyanga kwenye treni, alimwita Maige mbele ya nyapara, akamwekea kitoto kile mikononi.

"Maige. Mbwa huyu ana damu ya baba yake. Nikirudi nimkute huyu huyu. Si mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

"Si mwingine," Bwana Rieke akarudia, akapanda lori.

Maneno yale yalimwingia Maige kama mwiba, kwa kuwa wote pale walimkumbuka Marselino, aliyekuwa mpishi. Marselino aliwala kuku wawili weupe wa Bwana, kuku wa Ulaya, akaweka mahali pao kuku weupe wa kijijini. Bwana Rieke alisimama kibandani asubuhi moja, akatazama manyoya, akasema kwa upole kabisa, "Hawa si kuku wangu." Marselino alipelekwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akachapwa viboko, akafungwa Mwanza. Hakurudi. Wengine walisema alikufa gerezani kwa kuhara damu, wengine walisema alitoroka. Mkewe alingoja, hatimaye akarudi kwa wazazi wake Uzinza.

Maige alihamia na mkewe Paskazia na binti yao mdogo, Melania, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya Bwana, ndani ya ua mnene wa minyaa. Alimlisha Bruno uji wa mtama na maziwa na vichwa vya samaki wakavu. Mbwa akanenepa. Miezi ya kwanza ilipita kwa amani.

Paskazia ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akimtoa mbwa kupe chini ya jua la asubuhi, akaita, "Baba Melania, hebu njoo. Angalia hapa."

"Nini?"

"Miguu yake. Ilikuwa hivi?"

Maige alichutama. Miguu ya Bruno, iliyokuwa myeusi, ilikuwa imechuja. Alimlaza mbwa ubavu, akapuliza manyoya ya tumbo, na chini ya weusi akaona rangi nyingine inachipua, rangi ya majivu yaliyochanganyika na vumbi. Akasugua kwa kidole kilicholowa mate. Haikutoka.

"Ni vumbi la kinu," akasema.

"Si vumbi, mume wangu."

"Nimesema ni vumbi!" Akasugua tena, kwa nguvu zaidi.

Vumbi halikuondoka. Kila juma rangi ile ilipanda: kutoka miguuni ikafika mapajani, kutoka mapajani ikashika ubavu na shingo. Weusi ukarudi nyuma mpaka ukabaki mgongoni tu, na hata huko ukachanganyika na nywele za kijivu. Maige alikonda. Alijiona amesimama mbele ya Bwana Shauri akiulizwa, "Ulikabidhiwa mbwa wa rangi gani?" Naye angejibu, "Mweusi." "Na huyu ni wa rangi gani?" Hapo angesema nini? Kwamba mnyama amegeuka? Hata yeye mwenyewe, kama angekuwa mzee wa baraza huko Mhunze na mtu akamletea maneno kama hayo, angemfunga kamba kabla hajamaliza kusema.

Na jambo lililokuwa baya zaidi hakulisema kwa mtu: alikuwa ameanza kumwogopa mbwa mwenyewe. Masikio yaliyolala yalikuwa yamesimama wima. Mabega yalikuwa yamenyanyuka na kiuno kimeshuka, hata mgongo ukateremka kutoka shingoni kwenda mkiani. Mbwa wa kijijini hawana mgongo wa namna hiyo. Mnyama mwenye mgongo wa namna hiyo, mwenye rangi ya majivu, mwenye masikio yaliyosimama, kila Msukuma anamjua, na anajua pia kwamba wachawi ndio wanaomfuga, na kwamba humpanda kama punda waendapo kazini mwao. Kwa Kisukuma anaitwa mbiti. Kwa Kiswahili ni fisi.

Bruno alimlamba mkono. Maige aliuvuta mkono upesi, kisha akaona haya.

Wakati huo huo fisi wa kweli alikuwa ameanza kuisumbua kambi. Alichukua mbuzi wawili wa Mbuke, mjane aliyewapikia pombe wachimbaji, na baadaye ndama wa Maganga, nyapara. Watu walianza kuwaingiza watoto ndani jua likiwa bado juu. Basi jioni moja Mbuke alipita kando ya ua wa Bwana akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akachungulia katika upenyo wa minyaa. Kuni zikaanguka. Kambi nzima ilisikia yowe lake.

"Yumo! Yumo uani kwa Maige! Nimemwona kwa macho yangu, amekaa mlangoni kama mtoto wa nyumba!"

Kulipokucha Paskazia alileta chungu chake cha kupikia, akakiinamisha mbele ya mumewe. Nje kilikuwa na masizi mazito ya miezi mingi.

"Unataka nifanye nini?" Maige akauliza.

"Bwana alikuachia mweusi. Watu wanamjua mweusi. Mrudishie weusi wake."

Wakakwangua masizi, wakayakoroga na mafuta ya nyonyo, wakampaka mbwa kuanzia puani hadi mkiani. Bruno alidhani ni mchezo, akajiviringisha. Walipomaliza alikuwa mweusi tititi, kama siku aliyozaliwa, na Maige akavuta pumzi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Hawakuwa wamenawa vizuri waliposikia hodi. Maganga alikuwa amekuja na wazee wa kambi, na nyuma yao Mbuke, na nyuma ya Mbuke watu wengine wengi wenye fimbo.

"Mwangaluka, Maige," Maganga akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Hatukuja kwa ugomvi. Mama huyu anasema una mgeni humu ndani. Sisi tumemwambia labda amelewa pombe yake mwenyewe."

Watu wakacheka kidogo. Mbuke hakucheka. "Pombe yangu mnaikopa kila Jumamosi, leo imekuwa ya kuona mashetani? Mwambieni amtoe."

Maige akamtoa Bruno kwa kamba fupi. Watu wakarudi nyuma, kisha wakasogea tena, wakinyoosha shingo. Walimwona mbwa mweusi anayetikisa mkia.

"Ndiye huyu?" Maganga akauliza.

"Ndiye huyu niliyeachiwa. Wewe ulikuwapo, baba."

"Nilikuwapo. Alikuwa mweusi." Maganga akanyoosha mkono ili amshike kichwani.

"Usimguse!" Maige alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Anauma, baba. Anauma watu wasiomzoea."

Mkono wa Maganga ulisimama hewani. Mbuke alikuwa akimtazama Maige, si mbwa. "Niliyemwona mimi hakuwa huyu," akasema polepole. "Huyu ni mbwa. Yule mwingine yuko wapi?"

"Hakuna mwingine."

"Apa."

Maige alitazama nyuso zile. Hao ndio walionyanyua boriti zilipomwangukia shimoni mwaka wa kwanza. Hao ndio waliochimba kaburi la mtoto wake wa kiume, wakakesha naye. Akasikia ulimi wake ukisema, "Kama katika nyumba hii kuna mnyama mwingine zaidi ya mnaouona, au kama nimewaficha neno, basi nikose wa kunipa moto na nikose wa kunizika."

Kiapo hicho hakichezewi. Wazee wakaitikia kwa kichwa, wakaondoka mmoja mmoja. Paskazia alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake nyuma, kwa sababu masizi yalikuwa bado yamemjaa kwenye kucha.

Tangu siku hiyo kazi haikuwa na mwisho. Masizi yalitoka kwenye nyasi, yalitoka kwenye mkeka, yalitoka kwenye nguo ya Melania aliyependa kumkumbatia mbwa. Ilibidi kumpaka upya kila mara. Mvua ilipoanza kunguruma upande wa ziwa, Maige alikimbia kumwingiza ndani kabla ya mtu mwingine yeyote kuinua macho. Fisi naye hakukoma, alimchukua punda. Mbuke akiwapita njiani, alimsalimu Paskazia, akatazama miguu yake, akatazama na ardhi aliyoikanyaga, kana kwamba anatafuta nyayo za mnyama.

Kisha habari ikaja kutoka Shinyanga kwamba Bwana Rieke ameshuka kwenye treni.

Asubuhi aliyotazamiwa, Maige alimpaka Bruno kwa uangalifu kuliko siku zote, akamfuta kwa kitambaa hadi manyoya yakang'aa. Lori lilipofika, wachimbaji walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba pamoja na wake zao na watoto, kama ilivyokuwa desturi. Bwana Rieke alishuka amevaa utepe mweusi mkononi. Mama yake alikuwa amefariki. Aliwapa wazee mkono, kisha macho yake yakaanza kutafuta.

"Mbwa wangu yuko wapi?"

Maige akatoka mstarini na kamba mkononi. "Huyu hapa, Bwana. Ni mzima. Hajaugua hata siku moja."

Bwana Rieke alimtazama mbwa. Akamzunguka upande huu na upande ule. Tabasamu alilokuwa nalo likaisha usoni.

"Huyu ni nani?"

"Bruno, Bwana."

"Hapana," Bwana Rieke akasema kwa upole kabisa. "Huyu si mbwa wangu."

Yalikuwa maneno yale yale ya kibanda cha kuku.

"Ni yeye, Bwana. Uliniachia mweusi."

"Nilikuachia mtoto. Watoto wa baba yake huzaliwa weusi, halafu rangi inafunguka. Baba yake ni wa kijivu, na babu yake ni wa kijivu, kama mbwa mwitu wa kwetu. Mbwa wa umri huu kutoka damu ile hawezi kuwa mweusi hivi. Hawezi." Akamgeukia dereva. "Usizime lori. Huyu mtu atakwenda kwa Bwana Shauri. Amemuuza mbwa wangu, ameniwekea mwingine."

Rangi ile aliyoiogopa, aliyoificha, aliyoifunika kwa masizi kama mtu anayefunika kaburi, ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Ilikuwa chini ya mafuta, mbali na macho kwa unene wa ukucha tu. Ilimpasa aseme neno moja, naye angepona gereza.

Akageuza shingo. Mstari wote ulikuwa ukimtazama. Maganga alikuwa amekunja uso, akimhurumia. Mbuke alikuwa amemshika mtoto wake mkono. Mbele yao hao alikuwa ameapa.

"Baba Melania," Paskazia akasema nyuma yake, na sauti yake ilikuwa nyembamba sana. "Baba Melania, waliofungwa Mwanza hawarudi."

Maige akamgeukia Bwana Rieke. "Bwana," akasema, "naomba maji na sabuni."

Maji yakaletwa katika karai. Akapiga magoti, akaanza kumsugua mbwa mbele ya watu wote. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama wino, yakatiririka hadi miguuni pa wachimbaji, nao wakainua miguu yao. Akamwagia tena. Ubavu ukatokea, kisha mapaja, kisha kifua, vyote vya rangi ya majivu. Bruno akajikung'uta, akasimama wima juani, masikio juu, mgongo ukiteremka.

"Mbiti," Mbuke akasema. Hakupiga yowe safari hii. Alisema kama mtu anayemaliza hesabu.

Mstari wote ulirudi nyuma kwa pamoja. Bwana Rieke hakuona. Alikuwa chini, amemkumbatia mbwa, anacheka na machozi yanamtoka. "Ndiye! Angalia! Baba yake kabisa! Lakini wewe Maige, mjinga wewe, kwa nini umempaka uchafu huu?"

"Niliogopa, Bwana. Alibadilika. Bwana, nakuomba, waeleze watu hawa. Waeleze ni mbwa."

Bwana Rieke akasimama, akapangusa magoti. "Sikilizeni nyote. Huyu ni mbwa. Ulaya wako wengi kama yeye. Wako weusi, wako wa kijivu, wako wenye mgongo mweusi na miguu ya kahawia. Mara nyingine huzaliwa hata mweupe. Ni mbwa tu. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Bwana," wakaitikia wote kwa sauti moja.

Maige aliwajua watu wake. Alijua wanavyoitikia jambo walilolielewa na wanavyoitikia jambo lililokwisha kuamuliwa.

"Na wewe umemtunza vizuri," Bwana Rieke akamwambia. "Kuanzia leo atalala mlangoni pako, akulinde."

Paskazia alikuwa na desturi ya kwenda kila alfajiri kwa Mbuke kuomba kaa la moto, kwa kuwa jiko la Mbuke halikuzimika kamwe. Kesho yake alichukua kigae chake akaenda. Alirudi upesi, kigae kitupu mkononi, na macho makavu.

"Amesema nini?" Maige akauliza.

"Hajasema kitu. Amemwaga maji juu ya moto wote, akaniangalia. Nikaenda kwa mke wa Maganga. Naye akamwaga."

Hawakubishana. Paskazia alifunga nguo katika kanga, Maige akambeba Melania mabegani, wakapita upenyo wa minyaa wakaishika njia ya kwenda Shinyanga. Hawakufika mbali. Walisikia makucha nyuma yao, na Bruno akawapita mbio, akarudi, akawazunguka kwa furaha, kipande cha kamba kikining'inia shingoni.

"Rudi!" Maige akamtupia jiwe. Mbwa akaliokota, akamletea.

Melania akacheka. Maige akamtazama mkewe. Wakiendelea naye, Bwana angewafuata na polisi, na safari hii angekuwa mwizi kweli. Na kila kijiji ambacho wangepita, watu wangemwona mtu mgeni anakuja kutoka Nyarugusu, nyuma yake anamfuata mnyama yule.

"Tangulia na mtoto," akasema. "Msisimame. Nitawakuta."

"Usirudi huko. Nakusihi."

"Tangulia, Mama Melania."

Akaishika kamba, akarudi. Watu wa kambi walikuwa wamesimama njiani wakimngoja, Maganga mbele, wengine kando zote mbili, na fimbo zao mikononi, ncha zimeelekea chini. Maige alitembea katikati yao. "Mwangaluka, baba," akasema. Hakuna aliyeitika. Bruno alimnusa Maganga gotini, akamtikisia mkia, na mzee akasimama kama mti, ameuma meno, jasho linamtiririka. Hapo Maige aliona kwamba wao pia walikuwa wakiogopa, na hilo halikumpa faraja hata kidogo. Mtu anayeogopa hupiga kwanza.

Alimfunga mbwa mlangoni kwa Bwana, fundo juu ya fundo. Aliporudi, Maganga alisema bila kumtazama usoni:

"Nilikuzikia mtoto, Maige."

"Nakumbuka, baba."

"Basi kwa ajili ya yule mtoto utapita. Nenda. Moto wetu usiuombe tena, na ukifa usituite. Uliapa mwenyewe."

Akapita. Nyuma yake mbwa alianza kulia, kilio kirefu kilichopanda na kushuka, na hakuna aliyesogea njiani mpaka kilipokwisha kusikika.

Aliwakuta mkewe na bintiye wamekaa kando ya njia, na kutoka hapo hawakusimama hadi Shinyanga, wala hawakukaa Shinyanga. Huko Mhunze baba yake alimrudishia fimbo ya kuchungia bila kumwuliza neno. Alikuwa mchungaji mwema kama zamani. Ila tangu mwaka huo, kila ndama alipozaliwa, watu walimwona Maige akiingia zizini asubuhi kabla ya wengine, akachutama, akapuliza manyoya ya tumbo kutazama kilicho chini yake. Na alifanya hivyo kila asubuhi, kwa kila ndama, mpaka awe ng'ombe mzima.